Mjane Asiyepiga Nduru

Niseme mapema ili tusipotezeane wakati: mimi ni mtu wa kelele. Nimeuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Busia, upande wa Kenya, miaka mingi kuliko ninayopenda kukumbuka, na sokoni pale mtu mpole hurudi nyumbani na gunia lake. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nilikosa kulia kwenye matanga ya mume wangu mwenyewe, na kwamba kwa ajili hiyo nusura nifukuzwe kwenye nyumba niliyojenga naye, usidhani nilizaliwa na moyo baridi. Nilifundishwa kutulia. Nilijifunza kwa bidii nikafaulu, na kufaulu kwenyewe ndiko kunakonichoma mpaka leo.

Mume wangu alikuwa mtu wa Mulanda, upande wa Uganda, na kazi yake ilikuwa kupakia simiti kwenye malori mjini Tororo. Tulipatana tukiwa watu wazima wote wawili, kila mmoja na maisha yake nyuma. Hatukuzaa. Tulijenga nyumba ya vyumba vitatu, matofali ya kuchoma na mabati, kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake, na nyuma yake shamba la muhogo na karanga. Matofali yalitoka kwenye omena wangu, na mgongo uliobeba kila kitu ulikuwa wake. Sasa mke asiye na mtoto kwenye boma la watu hukaa kwa hisani ya ukoo. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza. Nyumba ile ndiyo kitu pekee nilichokitaka duniani, nizeekee humo, na sioni aibu kusema hivyo.

Kiharusi kilimpata Jumapili asubuhi tukijitayarisha kwenda kanisani. Alikuwa anafunga vifungo vya shati, mkono ukamwanguka, halafu naye akaanguka. Nikapiga nduru. Nilipiga nduru ya mtu aliyezoea kuita wateja, na boma likajaa kabla sijavuta pumzi ya pili. Wifi yangu, dada yake mkubwa anayekaa ng'ambo ya njia, akaingia akijitupa chini, na wanawake wengine wakapokea. Kulikuwa na mtu aliyekwisha kutoa kitambaa ili amfunge kidevu. Ni jirani mmoja aliyegundua kwamba macho yake yanazunguka yakitutazama mmoja mmoja. Ndipo tukakumbuka kumpeleka hospitali.

Alipona nusu. Upande wa kulia ulibaki umekufa na mdomo ukapinda, na mtu aliyekuwa akipokea mifuko ya simiti kutwa nzima akawa anashikwa mkono kwenda chooni. Hospitalini wakatuelekeza kwa muuguzi mmoja mstaafu, mama kutoka upande wetu wa Kenya, aliyekuwa akivuka mara mbili kwa wiki kufundisha wagonjwa wa kiharusi na wa presha kwenye uwanja wa zahanati moja mjini Tororo. Mazoezi yenyewe aliyaita taichi. Alisema yametoka China, na kwamba yeye alifundishwa alipokuwa akisomea kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa. Nilimwuliza kama Wachina hawana dawa. Akacheka, akaniambia nami nivue viatu nisimame na wengine.

Somo la kwanza lilinikera kweli. Alitaka tusimame tu. Magoti yalegee kidogo, mabega yaachwe yashuke, viwiko viwe vizito, pumzi ishuke mpaka chini ya kitovu, na kichwa kikae juu kana kwamba uzi unakivuta kwa utosini. Tulikuwa wanawake saba au wanane pale, karibu wote watu wa soko na shamba, na tuliposikia kichwa kiende juu, sote tukakaza shingo na kubana taya. Mwalimu akashangaa. Yeye hakuwahi kubeba gunia kichwani. Sisi tangu utotoni, kichwa kikiambiwa kiende juu, mwili unajua jambo moja tu, kwamba mzigo unakuja, na ole wako ulegee mzigo ukikufikia. Akapita nyuma yangu akanibonyeza shingo kwa vidole viwili.

"Mama, mzigo uko wapi?"

Nikamjibu kwamba mzigo ule pale, umekaa kwenye kiti cha plastiki na mguu mmoja umekufa, au haoni? Wenzangu wakanitazama vibaya. Mwalimu hakukasirika. Alisema mzigo huo hauko shingoni, basi niiachie shingo ipumzike. Nilitamani kumtemea mate.

Kosa la mume wangu lilikuwa jingine. Wapakiaji wa simiti hupokea mfuko kwa kuziba pumzi. Mfuko ukitua kisogoni umeziba, unatembea umeziba, unaachia pumzi mfuko ukianguka kwenye lori. Miaka yote ile ilimkaa mwilini, kwa hiyo kila alipoambiwa ainue mkono, ule mmoja uliobaki mzima, alifunga kinywa akavimba shingo, na uso ukaiva. Kwa mtu mwenye presha hilo ni jambo la hatari. Mwalimu alimwambia mkono ule haubebi kitu, aachie pumzi itoke mkono unapopanda. Siku nyingine alijaribu kulegea akalegea kabisa, akateleza kwenye kiti mpaka chini, sote tukamkimbilia. Mwalimu akatufafanulia tena, pole pole, kwamba kulegea si kuanguka. Mifupa isimame, nyama ndiyo ipumzike. Kazi ifanywe na ile sehemu inayohitajika tu, nyingine zote zikae kimya.

Kilichomrudishia miguu ni lile somo la uzito. Usihamishe mguu kabla hujaumwaga uzito wote kwenye mguu wa pili, pole pole, kama unavyomimina maji kutoka ndoo hii kwenda ile, na ndoo ikibaki tupu ndipo unaweza kuisogeza. Tulimshikilia, tukammimina hivyo wiki baada ya wiki. Msimu wa karanga uliofuata alitoka chumbani mpaka mlangoni bila mkono wangu. Alisimama pale kizingitini akanitazama, na mdomo wake uliopinda ukacheka. Nasema kweli, hata siku ya harusi yetu sikufurahi vile.

Nami bila kutaka nilikuwa najifunza. Mwalimu alikuwa na zoezi la watu wawili mnagusanisha viganja na mmoja anasukuma. Nilipomsukuma sikumpata. Alikuwa amezungusha kiuno kidogo tu, na mimi nikaenda na nguvu zangu zote mpaka kwenye ua la minyaa. Akaniinua akaniambia hasira yangu hufika kabla ya mkono, ndiyo maana kila mtu anaiona ikija. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Mwezi ule ule mteja mmoja alinitukania omena wangu kwamba wana mchanga, na mimi, badala ya kumtukania ukoo wake wote, nikashusha mabega, nikaipeleka pumzi tumboni, nikamwambia achague mwingine. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama naumwa.

Tukawa tunafanya mazoezi kila asubuhi uani pale Mulanda, mimi na yeye, kabla jua halijawa kali. Wifi alikuwa akisimama kwenye njia na jembe lake begani akitutazama. Alieneza habari kwamba tunaita mizimu ya Kichina. Hata mchungaji akaja kuuliza. Mume wangu akamwonyesha mguu wake ukisogea, mchungaji akasema Mungu hutumia njia nyingi, akanywa chai akaenda. Wifi hakuridhika. Tangu niolewe alikuwa akiniita Mkenya mwenye mdomo, na sasa mdomo umefunga akaona ni vibaya zaidi.

Asubuhi moja tulipomaliza, mume wangu aliniambia nikae. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida bado, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao.

"Ile siku ya kwanza mimi nasikia nyinyi nalia," akasema. "Nyinyi nasema nimekufa, na mimi iko. Nataka kusema niko, mdomo nakataa. Hiyo kelele ndiyo iliniogopesha kushinda kufa."

Nikamwambia anisamehe.

"Ingine ikikuja, usipige nduru. Kaa na mimi hivi tunavyokaa. Ahidi."

Niliahidi. Niliona ni ombi dogo kabisa, mtu asiombe hata nyumba wala mbuzi wa matanga, aombe utulivu tu. Sikuwaza hata kidogo kwamba ombi lile lilikuwa na bei.

Ilikuja asubuhi moja wakati wa palizi. Alikuwa amekaa na kikombe cha chai, kikombe kikaegemea, chai ikamwagika kwenye suruali, na hakushtuka. Akanitazama. Nilijua. Nikamlaza kwenye mkeka, nikamshika ule mkono uliokuwa mzima. Nduru ilinipanda mpaka hapa kooni, nikaisikia kabisa ikisukuma meno. Nikaachia mabega. Nikaachia taya. Nikavuta pumzi ya chini, taratibu, ili aisikie aifuate, na kwa muda kidogo aliifuata. Halafu nikawa napumua peke yangu. Watu huuliza mbona sikuita msaada. Jamani, nimuite nani, na ingechukua muda gani? Chai iliyobaki kikombeni ilikuwa bado inatoa mvuke. Lakini wapo wanaouliza mpaka leo, na kuna siku mimi mwenyewe najiuliza.

Nilikaa naye. Sijui ni muda gani, labda saa nzima. Sikuwa na ganzi wala sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa pale pale, nikimlilia ndani kwa ndani kuliko nilivyowahi kumlilia mtu, na mkono wake ukipoa taratibu mkononi mwangu. Ilikuwa saa nzuri. Nikishasema hivyo watu hunitazama kama mchawi, kwa hiyo siku hizi sisemi. Mkono ulipopoa kabisa nikauweka kifuani pake, nikavuka njia, nikamwambia wifi kwa sauti ya kawaida kwamba kaka yake ametutoka.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Kule kwao, na hata kwetu, mke ndiye anayetangaza. Nduru yake ndiyo barua. Wote walioko mashambani huisikia wakaacha majembe, na kila mwanamke anayekuja kuhani huanzia barabarani, akipiga nduru mpaka mlangoni, na mjane humpokea kwa nduru yake. Ndivyo mnavyoambiana kwamba huyu mtu alikuwa wetu sote. Mimi nilikaa kwenye mkeka nimevaa gomesi yangu nyeusi, mgongo wima, mabega chini, pumzi tumboni. Wanawake walikuja wakilia, wakafika mbele yangu, sauti zikawakatikia. Wengine waliniinamia kutafuta machozi kwa macho yao. Hawakuyapata.

Laiti ningekuwa mpole tangu zamani, wangesema ndivyo alivyo. Lakini mimi? Mimi niliyepiga kelele kuku alipoibwa? Kufikia siku ya maziko maneno yalikwisha kupikwa yakaiva. Kwamba nilimkalia kaka wa watu saa nzima nikisubiri akate roho. Kwamba nina mwanamume Busia ananingoja. Kwamba yale mazoezi yalikuwa ya kumfunga. Wifi hakuyasema kwa siri, aliyasema jikoni kwenye masufuria nikiwa nasikia. Mwalimu wangu alikuja kuzika, akanishika mabega yote mawili, akayakuta yamelegea kama alivyonifundisha, akalia yeye.

Siku ya tatu baada ya maziko, jivu la moto wa matanga linapozolewa, ukoo hukaa. Hapo ndipo huamuliwa mali inakaa wapi na mjane anakaa wapi. Waliweka viti vya plastiki chini ya turubai, mwenyekiti wa ukoo na daftari lake mbele, nami kwenye mkeka. Walizungumza Kidhopadhola, lugha ya kwao, na walidhani mengine yananipita. Hayakunipita. Wifi alisimama akasema ufunguo wa nyumba urudi kwa ukoo, na Mkenya apewe nauli arudi kwao, kwa kuwa hata chozi hakuacha hapa. Watu wakaguna. Hakuna aliyenitetea. Niliwatazama mmoja mmoja, watu waliokula omena wangu bure kila Krismasi.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa anatafuta njia. Alinigeukia akasema nami kwa Kiswahili, taratibu, ili wote waone nimeelewa.

"Mama, mke asipomlilia mume, sisi tunamwachia nyumba ya nini? Kaburi liko pale. Nenda umlilie kama watu. Sisi tutasikia."

Nikanyanyuka. Kutoka pale mpaka kaburini ni hatua thelathini hivi, kupita mlango wa nyumba yangu. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikasimama miguuni pake na mwili wangu ukafanya ulichozoea, ukatulia. Nikaipata pumzi yangu chini, nikampata na yeye, karibu kabisa, kama ile asubuhi. Ningeweza kusimama hivyo mpaka jioni. Nyuma yangu watu wote walikuwa wanangoja, na mlango wa nyumba ulikuwa upande wangu wa kushoto, ule mlango aliposimama akanichekea. Nikautazama mlango. Nikaamua.

Ilibidi nijivunje kipande kwa kipande. Nilikaza magoti. Nikapandisha mabega mpaka masikioni. Nikaitoa pumzi tumboni nikaileta kifuani, nikaiziba pale, nikakaza shingo na taya na ngumi. Halafu nikaachia. Ilitoka nduru ambayo hata mimi iliniogopesha. Nikajitupa juu ya udongo. Nikamuuliza ameniacha na nani, nani atanijengea ukuta ukibomoka, nani ataniita mama. Nilikuwa na maneno yote, nimeyasikia matanga mangapi? Na wakati wote nikijua kwamba nasema uongo, kwa maana kilio changu kilikwisha kwisha kwenye mkeka ule. Na nikijua aliyelala chini yangu ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kuniambia jinsi inavyokuwa kulala na kusikia kelele ile. Aliniomba kitu kimoja tu. Nilimpigia kelele juu ya kifua chake kwa ajili ya matofali.

Wakaniamini. Hilo ndilo linaloniua. Wanawake walikuja mbio wakapokea, na wifi yangu, yule yule, alijitupa kando yangu akanikumbatia, akalia machozi ya kweli yakanilowesha shingo. Akaniita dada. Tuliporudi mwenyekiti alikuwa amekwisha kuandika. Nyumba ikae kwa mjane, na shamba la nyuma, maisha yake yote.

Ninakaa humo mpaka sasa. Paa halivuji. Uani sijafanya tena mazoezi, si kwamba sijajaribu. Ninasimama, nashusha mabega, yanashuka, lakini pumzi inafika kifuani inagoma. Mwalimu alinitumia salamu mara mbili kwamba nirudi, kuna wagonjwa wapya na mimi ningemsaidia kuwafundisha. Sikwenda. Ningemwambia nini?

Juzi boma la tatu kutoka kwangu walifiwa. Kijana wa pikipiki, aligongwa na lori barabara ya Tororo, akaacha mke aliyeolewa mwaka jana, hawajapata mtoto. Wifi alinijia mbio, kitambaa kichwani kimepinda. Akasema yule msichana amekaa tu, hasemi, halii, na watu wa mumewe wameanza kunong'ona. Akanishika mkono.

"Njoo wewe dada. Wewe unajua kulia. Umfundishe."

Nilimkuta chumbani ameketi kando ya maiti, mgongo umeegemea ukuta, mkono wake juu ya mkono wa marehemu. Alikuwa anapumua vizuri. Mabega yake yalikuwa yameshuka kabisa, wala hakuna aliyemfundisha. Nilisimama pale mlangoni nikimtazama kwa muda, nikatamani kufunga mlango niwafukuze wote mpaka mkono ule upoe.

Nikaingia, nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, mwanangu, hii nyumba unaitaka? Akaitikia kwa kichwa. Nikamwinua, nikampandisha mabega kwa mikono yangu mwenyewe, nikamwambia akaze magoti, avute pumzi aizibe hapa juu. Nikamwambia sasa.

Alipiga. Ilitoka vizuri sana.